Kawia Ufike: Funzo la Mbio za Magari Siku ya Mvua

Majuzi mvua ya masika ilinishika njiani nikitoka Lower Kabete kurejea nyumbani Loresho. Nilijisitiri katika kibanda cha chai kilicho kando ya barabara, nikawakuta watu watano nao wamekimbilia humo: fundi wa magari kutoka Kangemi, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya udereva, mwalimu wa shule ya msingi, na wanafunzi wawili wa chuo kikuu. Runinga iliyotundikwa ukutani ilikuwa ikionyesha mbio za magari za Marekani, zile ambazo magari yenye umbo la magari ya kawaida huzungushwa kwa kasi ya ajabu katika uwanja wenye kingo zilizoinuka. Ila siku hiyo hapakuwa na mbio. Kule nako mvua ilikuwa ikinyesha. Magari yalikuwa yamefunikwa maturubai, madereva wamekaa wakipiga gumzo, na mashabiki wamejikunyata katika makoti ya mvua wakingoja.

Fundi ndiye aliyeanza. "Tazameni basi," alisema huku akicheka. "Watu wazima wanaogopa manyunyu! Hapa kwetu mvua ndiyo iliyokuwa Safari yenyewe. Ukiiondoa mvua na matope, umebaki na nini?"

Mzee alimuunga mkono. Alitukumbusha enzi za ujana wake, wakati gari la mashindano lilipokwama matopeni na kijiji kizima, wake kwa waume, kikatoka kulisukuma. Mwanafunzi mmoja akasema kwamba madereva wa siku hizi wamedekezwa. Mwenzake akampinga, akamwambia kwamba ushujaa si kutafuta kifo. Ubishi ukapamba moto hata sauti ya mvua juu ya mabati ikawa haisikiki.

Mwalimu pekee ndiye aliyekuwa kimya. Hatimaye aliweka kikombe chini akauliza kwa upole: "Ndugu zangu, na lile basi la shule lililopita hapa asubuhi mvua ikinyesha, nani alikuwa na mamlaka ya kulifunika turubai?"

Hakuna aliyemjibu. Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa kuwa naamini kwamba halikuwahusu wale watu sita wa kibandani tu. Linamhusu kila mwalimu anayetia sahihi barua ya safari, na kila mwanafunzi anayepanda basi akiwa amebeba ngoma za tamasha au jezi za mpira.

Tuanze na hoja ya fundi, maana si hoja ya kupuuzwa. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, kwa madhumuni ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Yalipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye ikawa desturi kuyafanya wakati wa Pasaka, yaani pale masika yanapoanza kubisha hodi. Tangu hapo mvua ikawa mshindani asiyeandikishwa. Mwaka 1963 zaidi ya magari 80 yaliondoka, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 mambo yakawa yale yale: msururu mrefu ulianza safari, na waliofika mwisho walikuwa saba. Miaka yote miwili ushindi ulinyakuliwa na Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot. Kutokana na matope hayo hayo tulipata mashujaa wetu. Joginder Singh alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976, akaitwa Simba wa Kenya. Shekhar Mehta alishinda mara tano, mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Sifa hizo ni zetu na hapana sababu ya kuzionea haya.

Lakini sifa zina upande wa pili. Katika miaka hiyo, na hadi mwaka 2002 mashindano hayo yalipofanyika mara ya mwisho katika ratiba ya ubingwa wa dunia kabla ya kusitishwa kwa muda mrefu, Safari ilikimbiwa katika barabara zilizo wazi kwa umma. Dereva aliyekuwa akitimua vumbi angeweza kukutana na lori, na mwendesha baiskeli, na ng'ombe wa Mmaasai, au na mtoto aliyetumwa dukani. Timu tajiri zilikodi helikopta ziruke juu ya magari yao ili kumwonya dereva juu ya kilicho mbele. Timu maskini zilimtegemea Mungu. Mtoto aliyetumwa dukani yeye hakuwa na helikopta wala timu. Tunapoikumbuka Safari ya zamani tunawakumbuka waliomaliza, na ni wachache wanaouliza habari za waliokuwa kando ya njia.

Mashindano yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha ikiwa kitovu chake, yalirudi yakiwa na sura nyingine. Sehemu zinazokimbiwa kwa kasi hufungwa, na msafiri wa kawaida haruhusiwi kupita humo. Ndani ya gari mna kizimba cha vyuma kinachozuia paa lisimponde dereva. Dereva na mwelekezi hufungwa mikanda mabegani, kiunoni na mapajani. Huvaa mavazi yasiyoshika moto upesi, pamoja na kifaa cha mabegani kinachoishikilia helmeti ili shingo isivunjike gari linapogonga. Mahali pa kusubiri pana daktari, gari la kuokolea na gari la zimamoto.

Yote hayo yanaonekana kwa macho. Kuna jambo moja lisiloonekana ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko vyuma vyote. Gari likipata ajali na watu wake wakawa wazima, ni lazima waonyeshe kibao chenye maneno ya kuwajulisha wenzao kwamba wako salama. Wakiwa wameumia, huonyesha kibao chekundu cha kuomba msaada, na gari la kwanza linalofika hapo ni sharti lisimame. Je, anayesimama hupoteza ushindi kwa sababu ya utu wake? Hasha! Wasimamizi humpa muda wa haki, kana kwamba hakusimama. Na sehemu ya mashindano ikisimamishwa kwa bendera nyekundu, kwa ajili ya ajali au hatari nyingine, waliozuiwa nao hukadiriwa muda wao. Kwa lugha nyepesi, kanuni hiyo inasema kwamba aliyesimama kwa ajili ya usalama asiadhibiwe kwa kusimama. Naomba msomaji aishike kanuni hiyo, maana nitairudia.

Turudi sasa kwa Wamarekani waliochekwa na fundi wetu. Magari yao hayakuzuiwa na woga. Katika viwanja vile vikubwa, matairi huwa laini kabisa, bila mifereji ya kuondoa maji. Tairi la namna hiyo likikuta lami iliyolowa, huteleza juu ya maji mfano wa sabuni juu ya sakafu. Kwa hiyo mvua ikinyesha mbio husimama, na mashine za kukausha njia huletwa. Huo si udhaifu, ni hesabu tu.

Tena hesabu hiyo wameijifunza kwa machozi. Tarehe 18 Februari 2001, katika mzunguko wa mwisho wa mbio za Daytona 500, bingwa wao mashuhuri Dale Earnhardt aligonga ukuta akafa. Hakuwa amevaa kile kifaa cha kuzuia shingo nilichokitaja. Kabla yake, mwaka 2000, madereva kadhaa wa mbio hizo walikuwa wamekufa, na bado kifaa kiliachiwa hiari ya mtu. Kabla ya mwaka 2001 kwisha, hiari ikawa amri. Kuta za viwanja nazo zikaanza kubadilishwa, zikajengwa zile zinazonywea kidogo gari linapogonga. Kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata, daraja lile la juu la mbio za Marekani halikumpoteza dereva mwingine mashindanoni.

Tazama pia yaliyotokea mwaka 2020. Mbio zile zile za Daytona zilianza Jumapili tarehe 16 Februari, mvua ikazikatiza, zikaendelezwa Jumatatu. Katika mzunguko wa mwisho gari la Ryan Newman lilipinduka, likagongwa na jingine, likateleza likitoa cheche. Watazamaji wengi waliamini kwamba wameshuhudia kifo. Siku mbili baadaye Newman alitoka hospitalini akitembea kwa miguu yake, amewashika mikono binti zake. Ajali ile ilitukia njia ikiwa kavu, mvua ikiwa imekwisha kungojwa. Basi tusidanganyane kwamba kungoja kunaondoa kila hatari. Kungoja huondoa hatari moja, ile iliyo dhahiri, ili vyuma na mikanda vibaki na kazi wanayoiweza.

Mahali ambapo hawakungoja tunapajua pia. Tarehe 5 Oktoba 2014 huko Suzuka, Japani, mbio za langalanga za Formula One zilifanyika mvua ikinyesha, huku kimbunga kikikaribia. Gari moja liliteleza likatoka njiani, na trekta ikaingia kuliondoa. Jules Bianchi, kijana wa Ufaransa, akateleza pale pale akaigonga trekta ile. Alikaa bila fahamu hadi alipofariki tarehe 17 Julai 2015. Baada ya ajali hiyo ndipo kanuni zilipobadilishwa ili magari yote yaweze kuamriwa kupunguza mwendo mara moja kunapokuwa na hatari njiani. Kanuni ilifika. Bianchi hakuikuta.

Japani hiyo hiyo, mwaka 1976, ilikuwa imeshuhudia jambo jingine. Niki Lauda wa Austria alikuwa akiongoza katika kuwania ubingwa wa dunia. Miezi michache nyuma alikuwa ameungua vibaya sana katika ajali huko Ujerumani. Siku ya mbio za mwisho mvua ilinyesha hata njia ikawa kama mto. Lauda alizunguka mara mbili, akaegesha gari, akashuka. Ubingwa ukamwendea James Hunt kwa tofauti ya pointi moja. Wapo waliomwita mwoga. Mwaka uliofuata alirudi akautwaa ubingwa, na akautwaa tena mwaka 1984. Huwaambia wanafunzi wangu kwamba ipo siku ambapo ushujaa wote wa mtu unakaa katika mguu unaokanyaga breki.

Sasa tuje nyumbani, tuje kwenye swali la mwalimu.

Kutoka Loresho, barabara ya Waiyaki ni hatua chache. Kila msimu wa Safari, mashabiki huipanda barabara hiyo kwa maelfu, wakipita Kangemi, Uthiru na Kikuyu hadi ukingoni mwa Bonde la Ufa, kisha wakateremka Naivasha. Wanakwenda kuwatazama madereva waliofungwa mikanda sita, huku wao wenyewe wamejazana katika matatu bila hata mkanda mmoja. Dereva wa mashindano anaingia katika njia iliyofungwa, akiwa na daktari anayemsubiri. Shabiki anashuka mteremko wa Mai Mahiu usiku, ukungu umetanda, lori liko mbele na jingine nyuma. Kati ya hao wawili, ni nani aliye mashindanoni?

Tarehe 18 Machi 2024, basi lililowabeba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta liligongana na trela huko Maungu, karibu na Voi, katika barabara kuu ya Mombasa, wakati wa mvua. Wanafunzi 11 walipoteza maisha. Walikuwa katika ziara ya masomo. Siwaandiki kwa nia ya kumtafuta wa kulaumiwa, kwa kuwa hiyo si kazi ya safu hii. Nawaandika kwa sababu siku 10 baadaye Safari Rally ya mwaka huo ilianza, na kwa siku nne nchi nzima ikasikia habari za usalama wa madereva. Wenye magari yenye nguvu walilindwa kwa kila njia, na ilikuwa haki walindwe. Lakini je, tuliuliza ni sehemu gani ya ulinzi ule ingeweza kuhamishiwa kwenye basi la wanafunzi?

Mwezi mmoja baada ya mashindano, mvua ile ile ilitupa mtihani mwingine. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu tarehe 29 Aprili 2024. Mafuriko yalikuwa yametapakaa nchini, na tangazo la kuahirisha likatoka saa chache tu kabla ya siku hiyo, wakati baadhi ya watoto walikuwa wamekwisha kufunga safari. Alfajiri ya siku hiyo hiyo maji yalibomoka huko Mai Mahiu yakasomba nyumba na watu. Waliokufa walipindukia 45. Shule zilifunguliwa hatimaye tarehe 13 Mei. Uamuzi wa kuahirisha ulikuwa wa haki kabisa. Kasoro yake ni kwamba ulichelewa. Katika mashindano ya magari, anayeamua huamua kabla injini hazijawashwa, na kila mtu anajua ni nani mwenye kuamua.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika mashindano, mwenye mamlaka ya kusimamisha si dereva, maana dereva anataka ushindi. Si mdhamini, maana mdhamini anataka tangazo lake lionekane. Si shabiki, maana shabiki amelipa nauli na anataka kuona. Ni msimamizi asiyepata faida magari yakiondoka wala hasara yakikaa. Kwetu sisi, basi la shule linapotaka kuondoka mawingu yakiwa meusi, nani huamua? Mwalimu aliyeandaa ziara anaogopa kupoteza nafasi. Shule inaogopa kunyimwa ushiriki kwa kuchelewa. Dereva anaogopa kuitwa mvivu na kupoteza kazi. Wanafunzi wanaimba. Kila aliyepo ana sababu ya kuondoka, na hakuna hata mmoja mwenye kazi ya kusema "ngoja".

Najua pingamizi zitakazotolewa. Kuna watakaosema kwamba kungoja ni anasa ya tajiri. Wamarekani wana mashine za kukausha njia, sisi hatuna. Tukingoja mvua ikome masika yote, watoto hawatasoma. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Mwenye matatu anadaiwa kiasi fulani cha fedha kila jioni, na mvua haimpunguzii deni. Lakini sikusema tungoje masika yapite. Mvua kubwa aghalabu hupungua baada ya saa moja au mbili. Na hesabu ya fizikia haijui tajiri wala maskini. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 hivi kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja kutambua hatari, mita hizo zimekwisha kupotea kabla hajagusa breki. Njia ikilowa, umbali wa kusimama huweza kuwa maradufu ya ule wa njia kavu. Mwalimu wa sayansi aiandike hesabu hii ubaoni, wanafunzi wapime mita hizo uwanjani kwa miguu yao wenyewe, waone.

Wengine watasema, ajali haina kinga. Nauheshimu msemo huo mahali pake. Waliousema walikuwa wakiwafariji waliofiwa, si kuwaaga wanaoondoka. Tukiutumia kabla ya safari tunaugeuza kibali cha uzembe. Historia ya mbio za magari inaonyesha kwamba ajali nyingi zina kinga, ila kinga hiyo imekuwa ikifika nyuma ya jeneza.

Wala hatuwezi kusema kwamba Mkenya hafundishiki. Tarehe 1 Februari 2004, sheria za waziri John Michuki zilipoanza kutumika, kila matatu ilitakiwa kuwa na mikanda na kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa. Siku za mwanzo maelfu walitembea kwa miguu kwa sababu matatu nyingi hazikuwa tayari. Watu walinung'unika, wakavumilia, wakafunga mikanda. Tulichokosa baadaye ni kuendelea. Leo hii barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na mikanda mingi imegeuka mapambo yenye vumbi.

Nini basi kifanyike? Sipendekezi sheria mpya, kwa kuwa tunazo nyingi. Napendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa shule yoyote. Kwanza, kila safari iwe na mtu mmoja, asiyesafiri na asiye na faida katika safari hiyo, mwenye mamlaka ya kusema basi lisiondoke au lisimame lilipo; awe mzazi wa halmashauri au naibu wa mwalimu mkuu, na nambari yake ya simu awe nayo dereva. Pili, dereva apewe kwa maandishi ahadi kwamba hataadhibiwa kwa kuchelewa kwa sababu ya mvua, ukungu au uchovu. Tatu, wanaoandaa michezo na tamasha za drama na muziki waikubali kanuni ile ile ya mashindano ya magari: shule iliyochelewa kwa kungoja mvua isinyimwe zamu yake. Mambo hayo hayahitaji helikopta. Yanahitaji karatasi, kalamu na moyo.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba hamna sehemu. Katika gari la mashindano dereva hasikilizi injini tu, humsikiliza mwelekezi aliye kando yake. Yule ndiye anayemwambia kona ijayo ni kali, punguza. Ninyi ni waelekezi wa basi lenu. Kumwambia dereva kwa heshima, "Mzee, tafadhali punguza mwendo," si utovu wa adabu.

Mvua ilipopungua pale kibandani, runinga ilikuwa ingali ikionyesha magari yaliyofunikwa. Fundi alilipa chai yake, akasimama mlangoni akitazama maji yanayokimbilia mtaroni. Nilidhani ataondoka. Badala yake alimgeukia mwalimu akamuuliza, "Basi lenu hilo hukaguliwa breki lini, Mwalimu?" Mwalimu akasema hana hakika. Fundi akafikiri kidogo. "Lileteni Jumamosi," akasema. "Nitalitazama bila malipo."

Wahenga walisema: kawia ufike.